Msiba wa Kura kwa Mzee Limbu

Bariadi

Dada Mwanaidi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, naomba ufunge mlango wa uani na umwambie yeyote aliyeketi nawe kwamba barua hii ni ya mambo ya kawaida tu, mvua na bei ya mahindi. Najua desturi yako. Barua zangu unazisoma kibarazani kwa sauti, majirani wanasogeza vigoda, na kabla ya adhuhuri sokoni Handeni kuna watu wanaojua nilikula nini. Hii usiisomee kibarazani. Msomee Mama peke yake, na mkifika mahali pa kucheka mcheke kwa chini. Ukimaliza itie mekoni. Sijaua mtu wala sijaiba. Ila bado sijathibitishwa kazini, na yaliyomo humu yakifika kwenye sikio lisilo lake nitarudi nyumbani na sanduku langu.

Mimi ni mzima. Ile homa niliyokueleza imeniacha, nimebaki na kikohozi kidogo ambacho ni cha vumbi tu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na Baba, tangu shamba la mkonge lilipofungwa, amepata la kufanya, au bado anaamka alfajiri na kwenda kusimama getini kama mtu aliyesahau kitu ndani? Namwaza kila siku. Watoto wako waambie wasome, mjomba wao bado ana kazi. Namna kazi hiyo ilivyokaribia kuponyoka ndiyo habari ya barua hii.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimepata chumba kwa mwenye mashine ya kusaga. Sikukuandikia kwamba mwenye mashine huyo anagombea ubunge, tena kupitia kimoja cha hivi vyama vipya, kwa sababu nilipoingia nami sikujua. Anaitwa Mzee Limbu. Ni mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Akikusalimu asubuhi, "Mwangaluka," jirani wa nyumba ya tatu anaitikia.

Siku ya kwanza niliposema kwetu ni Handeni, aliweka chini debe la mahindi.

"Mzigua?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kodi yako inapanda. Babu zetu walipopita kwenu na mizigo kwenda pwani, babu zenu waliwauzia maji ya kunywa."

Nilikuwa mgeni na mwenye hofu, lakini utani ni utani. Nikamjibu kwamba babu zake walikunywa wakaondoka bila kulipa, ndiyo maana ukoo umenituma nije kudai. Alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. Tangu hapo hakuna anayeniita Rajabu katika nyumba ile. Mimi ni Mtani.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kugombea. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mayu Kabula, maana mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, alinihadithia zile mbili za kwanza tukibangua karanga. Mara ya kwanza ilikuwa enzi ya chama kimoja, wagombea walipokuwa wakipewa alama, mmoja jembe na mwenzake nyumba. Mzee akapewa nyumba. Sasa, dada, katika nchi hii ya pamba, nani utamwambia aliache jembe? Alizunguka vijijini akieleza kwamba jembe lisilo na nyumba hulala nje likaota kutu. Watu wakampigia makofi, na kura wakalipigia jembe. Mara ya pili bahati ikageuka, akapewa jembe yeye. Alifurahi hata akachinja mbuzi kabla kampeni hazijaanza. Watu wakala mbuzi, wakasema jembe tunalo, tena mawili, kinachotusumbua ni nyumba.

"Mimi nilimshauri aombe alama ya godoro," Mayu Kabula aliniambia. "Labda wangemwonea huruma akapumzike."

Safari hii Mzee aliamua kwamba tatizo ni maneno. Mawazo anayo, tena mazuri. Anataka malambo ya kunyweshea mifugo, anataka barabara, anataka mkulima wa pamba, sasa wanunuzi wamekuwa wengi, ajue bei kabla hajafunga mzigo. Lakini kila alipoanza na pamba aliishia kwa ng'ombe, na walimu na watu wa mjini walikuwa wakimcheka. Akaniomba nimsaidie kupanga hotuba. Karatasi hakutaka. "Mtu anayewasomea watu karatasi anafanana na hakimu," alisema. Basi nikawa namfundisha kwa mdomo, jioni, mashine ikinguruma, maana hapo hakuna mtu wa kutusikia. Nilimwambia sentensi sikioni, naye akalihutubia gunia la mahindi.

Ofisini kwetu lilikuwa limebandikwa tangazo kwamba mtumishi wa serikali asijihusishe na kampeni za chama chochote. Nilikuwa nalipita kila asubuhi. Na wakati huu, dada, kila mara tunasikia idara fulani imepunguza watu, na wa kwanza kuguswa ni sisi tulio katika majaribio. Mkuu wangu, Bwana Temba, ni Mchaga mmoja mpole, mwenye miwani, asiyepandisha sauti, na mimi upole wake unanitisha kuliko ukali. Kila aliponiita nilijipangusa kola, nikihisi unga wa mashine bado umo.

Utaniuliza, kwa nini basi ulifanya? Hata mimi nimejiuliza. Nadhani ni kwa sababu walipofunga mkonge hakuna aliyemwuliza Baba anaonaje. Huyu mzee alikuwa anamwuliza kila aliyeleta debe.

Gari aliloahidiwa na chama halikuja. Kampeni ikaenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, kipaza sauti kimefungwa mbele kwa kamba ya katani, labda ya kwetu. Ng'ombe wale wawili walikuwa na tabia ya kusimama kila penye majani, kwa hiyo Mzee alihutubia hata mahali pasipo na watu.

Jumamosi moja sikuweza kujizuia. Alikuwa na mkutano kijijini Migato, nami nikaazima baiskeli nikaenda kusikia hotuba inavyotoka. Nilivuta kofia mpaka kwenye macho, nikajibanza nyuma ya magunia ya pamba yaliyokuwa yakisubiri mnunuzi. Watu walijaa, dada, hata wengine walipanda juu ya ghala. Na Mzee alikuwa anakwenda vizuri. Alimaliza pamba bila kugusa ng'ombe. Akaingia kwenye malambo, akayamaliza. Kisha akanyamaza. Akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyepotewa na ndama. Halafu kipaza sauti kikasema, Migato nzima ikasikia:

"Mtani, hapo panafuata nini?"

Nilichuchumaa. Nikatamani niwe gunia. Dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akanyoosha kidole. "Yuko huku, nyuma ya pamba."

"Mwambie aseme," akaitikia Mzee, bado kwenye kipaza sauti.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Barabara."

"Anasema barabara," yule dada akapaza.

"Barabara!" Mzee akanguruma, na watu wakapiga vigelegele kana kwamba imeshawekwa lami. Nami niliposimama ili nikimbilie baiskeli, nikamwona dereva wa ofisi yetu ameegemea Landrova, anakula muwa. Alinitazama. Akatikisa kichwa kunisalimu, akaendelea na muwa wake.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Sikusikia dereva akinitaja ofisini, ila kila tulipokutana koridoni alinisalimu, "Habari za barabara, karani?" Nami nilijibu nzuri, nikaenda kunywa maji.

Kura zikapigwa, zikahesabiwa. Wagombea walikuwa watatu, Mzee akawa wa tatu. Hata Migato, kwenye umati ule wote, alipata kura za kuokoteza. Alirudi nyumbani, akalala chali, akageukia ukuta. Mashine haikuwashwa. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kuhama kimya kimya, kabla ofisi haijaanza kuuliza nani alikuwa upande wa nani. Asubuhi nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku kwa kamba niliposikia miguu uani, mingi.

Wanawake walikuwa wanaingia na vikapu vya unga vichwani na mizigo ya kuni. Wanaume walikuja na baiskeli, kuku wananing'inia kwenye usukani. Wakatandika mikeka. Wanaume wakawasha moto wao pembeni, wakakaa wameinamisha vichwa. Walikuja watu wa mtaani, walikuja wa vijijini, walikuja wa Migato. Wamekuja kuhani, dada. Mtu ameshindwa uchaguzi, nao wamekuja kama amefiwa.

Mayu Kabula alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyie wote mlikuwa wapi siku ya kura?"

Bibi mmoja aliyetoka Migato kwa miguu akatua kikapu. "Mayu, kura ni siri. Pole si siri."

"Ulimpigia?"

"Nimeshakwambia ni siri."

"Basi na unga wako ungeuacha sirini."

Watu wakajikaza wasicheke, maana ni msiba. Mtu mmoja wa makamo akakohoa kwenye moto wa wanaume. "Mayu, tusemeshane kama watu wazima. Tukimpeleka Dodoma, hapa nani atasaga? Yule aliyeshinda, akienda au akibaki, hatukosi ugali."

Wengi wakaguna kukubali. Basi kumbe ndiyo hiyo, dada. Mikutano yake walijaza kwa sababu wanampenda, na kura walimnyima kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani nilisikia kitanda kinalia. Mzee Limbu akatokea amejifunga shuka.

"Mmenibwaga mara tatu kwa ajili ya mashine?"

"Ile ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya jembe," bibi akamsahihisha.

Mzee hakujua acheke au alie. Alisimama tu, uso unakwenda huku na huku. Ndipo mtu akasema lile neno nililokuwa naliogopa.

"Msiba huu una kasoro. Mtani yuko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya mlango, sanduku mkononi. Unakumbuka msiba wa Babu, yule mtani wetu Mnyamwezi aliyeingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu kifo? Huku ni vivyo hivyo. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamsema mbele ya wafiwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Wanawake wawili wakanitoa kwa mikono, wakanivika koti la kampeni la Mzee, ambalo lilinifikia magotini, na kofia yake ikakaa juu ya masikio yangu.

Wakati huohuo Landrova ya ofisi ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka dereva. Akashuka Bwana Temba, amebeba sukari mikononi, amekuja kumpa pole mtu mzima mwenzake.

Sijui nikuelezeeje. Mawazoni nilimwona Baba pale kwenye geti la mkonge, na mimi nimesimama karibu naye. Nilianza kuvua koti. Nyuma ya mashine kuna kijia cha kutokea. Mayu Kabula akanishika kiwiko, akasema kwa chini bila kunitazama:

"Mtani, ukikimbia sasa, wewe ni mpiga kampeni. Ukisimama, wewe ni mtani."

Nikasimama. Nikalirudisha koti mabegani. Nikapanda juu ya mkokoteni.

"Ndugu wananchi," nikaanza, kwa sauti ya Mzee, ile ya kushindana na mashine. Kuku wakaruka. Nikaitoa hotuba nzima, dada, kuanzia mwanzo, maana nani anaijua kuliko mimi? Nilipofika kwenye pamba nikateleza kwenda kwa ng'ombe, nikawaita ng'ombe wale wawili kwa majina, nikawaomba wao wanipigie kura kwa kuwa ndio waliosikiliza mikutano yote. Nikaahidi jembe la vyumba vitatu na nyumba yenye mpini. Vicheko vikaanza kwa wanawake, vikavuka moto. Nikaingia kwenye malambo. Nikanyamaza. Nikageuza kichwa huku na huku, nikampata Mzee Limbu mwenyewe pale mlangoni, nikamwuliza kwa unyonge wote:

"Mtani, hapo panafuata nini?"

Uani wote wakajibu, "Barabara!"

Mzee Limbu aliketi chini, na shuka lake, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na nadhani mengine yalikuwa ya kulia kweli, lakini yalitoka pamoja na ya kucheka, hakuna aliyeyatofautisha. Bwana Temba alivua miwani akaifuta. Dereva alikuwa ameshika bodi ya gari asianguke. Mimi nikakataa kushuka mkokotenini mpaka nilipwe haki yangu, nikapewa jogoo. Bado ninaye. Anawika saa mbaya.

"Huyu si karani wangu wa masijala?" nilimsikia Bwana Temba akiuliza.

"Huko kwenu, labda," Mayu Kabula akamjibu, akipokea sukari. "Hapa ni Mzigua. Kazi yake ni kututukana."

Mchana Mzee aliwasha mashine mwenyewe, kwa sababu wageni wanakula na unga walioleta ulikuwa unakwisha.

Jumatatu Bwana Temba akaniita. Nilijipangusa kola. Akanionyesha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dereva aliniambia zamani kwamba alikuona Migato," akasema. "Nilikuwa sijajua nilifanyie nini jambo hilo. Sasa naona ulikuwa unakusanya ya kusemea msibani."

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu mtani huanza kukusanya kabla mtu hajafa?"

Nilijipangusa tena kola. Yeye alitazama dirishani.

"Mwakani nastaafu," akaendelea. "Watanifanyia sherehe. Mimi nikisimama mbele za watu ulimi unakuwa gundi. Nataka maneno machache ya kuagia, lakini usiniandikie. Nifundishe kwa mdomo, kama ulivyom..." Akakatiza. "Kama watani wanavyofundishana."

"Mzee, wewe ni Mchaga. Wazigua na Wachaga si watani."

"Nitatafuta sababu," akasema. "Nenda kafanye kazi. Barua yako ya kuthibitishwa nimeipeleka ikasainiwe."

Imepelekwa, dada, haijarudi. Ndiyo maana nakuomba mlango ufungwe. Ila siku hizi nalala usingizi, na sanduku nimelifungua, na dereva akiniuliza habari za barabara namwambia inakuja.

Mzee Limbu naye yu mzima kupita kiasi. Leo asubuhi alisimamisha mashine katikati ya debe la mtu, akaniuliza kama naona watu wangempigia kura endapo kungekuwa na mwingine wa kusaga. Mayu Kabula ameshaanza kujifunza kuiwasha. Anasema hafanyi hivyo kwa ajili ya siasa, anataka tu mume wake aende Dodoma yeye apate nafasi kitandani. Nimemwambia Mzee kwamba nitamfundisha tena, ila safari hii mpaka mwisho wa hotuba, ili asiwe na la kuniuliza mbele ya watu.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa, na kwamba mama wa huku ananigombeza kama yeye. Msalimie Baba. Mwambie kwa sauti ya kawaida, si ya huruma, kwamba Mzee mmoja wa huku ambaye amebwagwa mara tatu anataka kujua maoni yake juu ya katani na kamba za mikokoteni. Atajibu, namjua. Msalimie shemeji, mumeo, na umwambie baiskeli za huku hazina breki kama yake. Msalimie mjomba anayeuza ubuyu, na shangazi aliyenitabiria kwamba nitaogopa maisha yangu yote. Mwambie bado naogopa, ila sasa nina jogoo.

Mayu Kabula anasema mtani mmoja hatoshi, na anataka kuona watu waliozaa mwoga wa namna hii. Basi ukipata nafasi baada ya mavuno, njoo. Shika gari mpaka Morogoro, pale panda treni ya bara, ushuke Shinyanga, usilale ukapitiliza. Shinyanga uliza basi linalopitia Maswa kuja Bariadi, na ukae upande wa kushoto kwa sababu ya jua la asubuhi. Ukinijibu kwa barua, usitumie sanduku la posta la ofisi mpaka nikuambie. Mpe mjomba aikabidhi kwa wasafirishaji wa pamba, na juu uandike tu: kwa Mtani, mashine ya kusaga.

Na ukishuka stendi ya Bariadi usiniulizie kwa jina, hakuna anayelijua. Uliza kwa mzee aliyeshindwa uchaguzi. Watakuuliza, "Aliyeshindwa safari hii, au zile za zamani?" Wewe waambie zote. Watakubebea mzigo wako mpaka mlangoni.

Mdogo wako,
Rajabu